Mama Hataki Daraja la Pili

Mimi meli nazijua. Sisemi nazijua kama anavyozijua mtu aliyekwenda Mombasa mara moja akarudi na kofia mpya, akakaa barazani mwaka mzima kutusimulia mawimbi. Nazijua ndani na nje. Nilianza kwa kuosha sahani katika jiko la meli, kijana nisiyekuwa na suruali ya pili, nikapandishwa kutandika vitanda vya abiria, na leo napanda meli zilezile kwa tiketi yangu mwenyewe, daraja la pili, na aliyeko zamu ananiuliza chai nitaitaka saa ngapi. Shule sikwenda ila chuo cha Kurani, na chuoni nako sikuhitimu. Lakini wengi wa waliosoma katika mji huu wanalala juu ya magodoro yangu.

Maana hiyo ndiyo kazi iliyonitoa, magodoro ya sufi. Duka langu liko Darajani, na uani kwake wanakaa mafundi wanaochambua sufi na kushona kutwa nzima, wamejifunga vitambaa puani. Ufundi huo sikufundishwa na mtu. Niliupata melini, kwa kugeuza magodoro ya abiria kila asubuhi na kujiuliza kwa nini binadamu aliyelipa pesa yake alazwe juu ya kitu kama kile. Na mpaka leo hiyo ndiyo kero yangu ya kwanza. Meli ina piano, ina vioo vya kujitazama kutoka utosini mpaka unyayoni, ina mtu ambaye kazi yake ni kupiga kengele basi, lakini godoro lake limebonyea katikati kama mtumbwi. Unalala mtu mzima, unaamka umejikunja kama kamba wa kukaanga.

Kero nyingine ni watu wenyewe. Sijui watu wenye akili zao hupatwa na nini wakishapanda meli. Mtu ambaye kwao hawezi kutoka Forodhani mpaka Malindi bila ya kutafuta gari, melini anaizunguka sitaha asubuhi, anaizunguka jioni, kama ngamia wa kinu cha ufuta, na ukisimama njiani mwake anakasirika. Mwingine anaamka alfajiri, anaweka kitabu juu ya kiti cha kupumzikia, anarudi kulala. Kiti kinakaliwa na kitabu, wewe mwenye miguu unasimama. Halafu kengele. Ya kwanza ujitayarishe kula, ya pili uje ule, na ukikawia kwa kuvaa soksi unakuta supu imeondolewa. Mtu amelipa, anaitwa kula kama mfungwa.

Lakini haya yote nilikuwa nayavumilia. Safari iliyonitia wazimu ni ile niliyompeleka mama yangu Bombay kutibiwa macho.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa limeshafunga, la kulia lilibaki kuona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu mlangoni, na daktari alituambia nalo likiachwa litamfuata mwenzake. Bombay nilikuwa namjua daktari wa macho aliyemfungua mfanyabiashara mwenzangu, akarudi anasoma gazeti. Na mimi nilikuwa na haja yangu. Nilikuwa nimejenga nyumba Mpendae, ya mawe na chokaa, yenye vioo vya rangi juu ya milango, na mama aliingia humo kwa kushikwa mkono. Akazipapasa kuta, akasema, "Kuta nzuri, mwanangu." Watu wanakuja kutoka Ng'ambo kuitazama nyumba ile, mama yangu mzazi ananisifu kuta. Nilitaka aione.

Ilinichukua miezi kumkubalisha. Alizaliwa Tumbatu, ameolewa mjini, na bahari kwake ni kitu cha kuvuka siku moja ukafika kwa watu unaowajua. Alipokubali tu, nikakata tiketi za daraja la pili, chumba cha vitanda viwili, mimi na yeye, ili nimtumikie mwenyewe.

Siku ya kuondoka, dada zangu na shangazi na majirani walijaa bandarini na vikapu vya masurufu. Mikate ya kumimina, samaki wa kukaanga, visheti, chupa za achari, mpaka seredani na gunia dogo la mkaa. Nikawaambia warudishe vyote.

"Kaka," akasema dada yangu mkubwa, "mama hali chakula asichomjua mpishi wake."

"Melini kuna wapishi wa kazi hiyo, wanavaa kofia nyeupe ndefu hivi."

"Tumbo la mama halijui kofia."

"Msafiri hapa nani, mimi au wewe?"

"Haya, bwana msafiri," akasema, akawageukia wenziwe. "Vichukueni. Mwenyewe anasema huko wanakula kofia."

Wakacheka wote, na mama akacheka ndani ya buibui lake. Mimi sikuona cha kuchekea. Abiria wa daraja la pili akipanda ngazi na seredani mkononi, baharia hamuulizi tiketi, anamwonyesha njia ya deki. Deki ndiyo ile sitaha ya chini, upande wa mbele, ambako watu wa tiketi rahisi hutandika mikeka yao na kujipikia wenyewe. Nimelala huko nilipokuwa sina kitu. Nilipoondoka niliondoka, na mama yangu sikumfanyia kazi miaka yote hiyo ili nimlaze palepale.

Tukaingia chumbani. Mama akapapasa kitanda, akapapasa ukuta, akainua mkono ukagonga chuma.

"Hiki nini?"

"Kitanda cha juu, mama."

"Nani anakilalia?"

"Mimi."

"Wewe utanilalia kichwani?"

"Si kichwani. Ni juu. Katikati pana chuma na godoro."

"Na ukiteremka kwenda kutia udhu, miguu yako itapita wapi? Usoni pangu?"

"Nitapitisha pembeni, mama."

"Baba yako, Mungu amrehemu, hakukaa kitandani kwa mama yake hata siku moja, alikaa chini. Wewe unataka kunitembea juu kama paka wa darini."

Sasa mtu aniambie ningefanya nini. Yeye kupanda juu hawezi. Mimi kulala juu yake ni ukosefu wa adabu, na hilo nalijua, nimelelewa. Aliyezichora meli hizi hakuwa na mama. Nikaenda kwa karani wa meli, Mhindi mmoja mwembamba mwenye miwani, nikamwomba chumba kingine cha karibu. Akasema vyumba vyote vimejaa, na kwa nini nisilale kitanda nilichopewa. Nikamweleza. Akanitazama, akasema, "Lakini ni mama yako," kana kwamba ndiyo dawa.

Mchana ule meli ilipita Mangapwani, ikaukaribia upande wa kaskazini, nami nikatoka kuvuta pumzi. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akizunguka sitaha akasimama, akanyoosha kidole Tumbatu, akaniuliza kwa Kiingereza kama kule wanaishi watu. Kiingereza changu ni cha jikoni, kinatosha. Nikamwambia wanaishi, tena wanalala vizuri. Akashukuru, akaendelea kuzunguka.

Kengele ya chakula cha jioni ikalia. Nikamshika mama mkono, tukaingia ukumbini, taa zimewaka, meza zina vitambaa vyeupe, na mimi uma zote zile nazijua kwa majina kwa sababu nimeziosha. Mbele yetu alikaa karani mstaafu wa mjini, mtu wa suti na tarbushi, ambaye kila anachokiona leo kesho kimefika Mkunazini. Ikaja nyama ya kondoo.

"Kachinja nani?" akauliza mama.

Nikamuuliza mhudumu. Akasema nyama inatoka kwenye chumba cha barafu.

"Kwa hiyo haina aliyeichinja," akasema mama, akaisukuma sahani.

Nikaagiza samaki. Akaja na mchuzi mweupe juu yake. Mama akamnusa. "Samaki huyu kavishwa nini?"

"Maziwa na siagi."

"Samaki na maziwa? Unataka nitoke madoa meupe ya balanga uzeeni?"

"Mama, Wazungu wanakula kila siku."

"Ndiyo maana wote weupe."

Yule karani akajifanya anakohoa. Mama akaniinamia, akanong'ona, "Wanaume wangapi wananitazama?"

"Hakuna anayekutazama."

"Mbona mmoja anakohoa?"

Hakula. Alikunywa maji, akavunja kipande cha mkate mkavu, akataka kurudi chumbani. Mimi usiku ule nimelalia kiti, kwenye ujia nje ya mlango wake, mimi ninayewalaza watu wa mji mzima. Boi wa zamu, mtu mzima wa Kigoa, kila akipita ananiuliza kama nimefungiwa nje na mke wangu.

Asubuhi tukawa Mombasa, meli imefunga gatini Kilindini kupakia mizigo mpaka jioni. Nikaingia kumwamkia mama. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, buibui mwilini, kitita chake cha nguo mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nishushe."

"Wapi?"

"Hapa Mombasa. Tuna jamaa Mombasa. Nitakaa nao mpaka itokee meli ya kurudi."

"Na macho?"

"Macho yangu yameshaona mengi. Wewe mahali hapa unapaona, mimi sipaoni. Kwetu nikikaa kitandani najua yule anayetwanga nani, yule anayepita nani, muadhini akikohoa namjua. Humu nasikia mashine. Nimesali alfajiri sijui kibla kiko wapi. Nimekaa katika sanduku, mwanangu, na sanduku linakwenda."

Nikamwambia chumba hiki wanakitamani watu. Nikamwambia kina kioo, kina beseni la maji moto. Akasema, "Ndiyo, mwanangu, kina kila kitu," kwa sauti ya mtu anayemtuliza mgonjwa. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Mama yangu akigomba ana nguvu, akikubali mambo ameshayaacha. Na nilijua kuwa akirudi Unguja mara hii, hakuna atakayemtoa tena, atabaki gizani mpaka mwisho wake.

Nikasema kwanza ale, mtu hawezi kuamua kitu na njaa. Nikaenda jikoni mwenyewe, nikapita mlango ule ambao abiria hawapiti, nikawaomba uji. Wakanipa uji wao wa kizungu, mzito kama chokaa. Nikabishana nao kuhusu sukari, nikautia maji, nikaukoroga mwenyewe, nimevaa koti langu jeupe. Niliporudi, chumbani hapana mtu. Kitita hakipo.

Sitaki kueleza nilivyokimbia. Nilikwenda kwanza kwenye ngazi ya kushukia, nikamuuliza baharia kama amemwona bibi kipofu akishuka, na hilo neno lilinichoma kulitamka. Akasema hapana. Nikazunguka sitaha nzima na bakuli mkononi, nikawakuta wale wanaozunguka, wakanipisha. Mwisho nikakutana na yule boi wa Kigoa.

"Mama kaniomba nimpeleke," akasema.

"Umpeleke wapi?"

"Kasema, nipeleke kule wanakocheka."

Nikateremka deki. Palikuwa na mikeka mpaka kwenye ukuta wa chuma, masanduku, watoto wachanga, kamba za nguo, seredani zinafuka moshi, harufu ya bizari na kitunguu. Mama yangu amekaa katikati ya wanawake kama bibi harusi, buibui limeshuka mabegani, chapati mkononi. Anakula.

Mwenye mkeka alikuwa bibi mmoja Mhindi wa Kikachi, mnene, mzaliwa wa Malindi hapohapo Unguja, anakwenda kumwona mwanawe. Kiswahili chake kilikuwa kikali kuliko changu.

"Karibu, Bwana Daraja la Pili," akasema. "Mama katuambia una chumba chenye kioo."

"Ndiyo, kipo."

"Na yeye haoni. Kioo umemwekea nani?"

Wanawake wakaangua kicheko, mama naye. Nikamwambia mama kwa upole kwamba hapa si mahali pake. Akasema hapa pana mtu wa kumwonyesha kibla, kuku kachinjwa na mume wa huyu bibi kwa mkono wake, na kuna mtu wa Kae, Unguja kwetu, anayemjua binamu yake. Nikatazama juu, nikamwona yule karani mstaafu ameegemea ukingo wa sitaha yetu, tarbushi kichwani, anatazama chini. Nikaona mji mzima unaambiwa: yule mwenye duka la magodoro kamtupa mama yake deki.

Kumbe hata kumwacha deki hakukuwa rahisi. Karani wa meli akateremka na miwani yake, akasema abiria wa chumba hakai deki.

"Kwa nini?"

"Ndiyo kawaida. Akiumia huku nitaandika alikuwa wapi?"

"Tangu nianze kupanda meli naona watu wanafukuzwa wasipande juu. Mtu kufukuzwa asiteremke chini sijaona."

"Basi leo umeona."

Mimi ambaye nilikuwa tayari kumbeba mama nimrudishe juu, nikajikuta nimesimama mbele ya watu wote nagombea haki yake ya kukaa chini. Nilimwambia nimetandika vitanda vya meli kabla yeye hajavaa miwani. Nilimwambia mengine ambayo sasa hayana faida. Yule bibi wa Kikachi akaingia kwa Kikachi chake, haraka haraka, na sijui alimwambia nini lakini masikio ya karani yalibadilika rangi. Mwisho akasema mama akae, ila kitu cha chumbani kisitoke chumbani, si godoro, si mto, si shuka, na mimi niwe karibu naye mchana na usiku, likimfika jambo liwe juu yangu. Maana yake nimenunua chumba cha kuwekea viatu.

Nikadhani yamekwisha. Mama akajaribu kujilaza kwenye mkeka, akageuka upande mmoja, akageuka wa pili, akainuka.

"Chuma hiki kitanimaliza mbavu," akasema. "Wenzangu hawa vijana. Watu wazuri, lakini Bombay bado mbali, eti? Nishushe tu, mwanangu, na nyinyi msikasirike."

Yule bibi akanitazama, safari hii hakunitania.

Nikashuka, lakini peke yangu. Nikakodi gari mpaka sokoni. Magodoro ya kununua ya Mombasa nayajua, juu sufi, ndani usumba wa nazi, siwezi kumlaza mama yangu juu ya udanganyifu wa mtu mwingine. Nikanunua sufi, nikaichagua kwa mkono, nikatia mkono mpaka chini ya gunia, mwenye duka amenuna. Nikanunua kitambaa kizito cha mistari, uzi, na sindano ndefu. Nikarudi jua limeanza kuinama, nikavua koti, nikakaa chini kwenye deki ile, nikashona. Nilikuwa sijashika sindano ya godoro miaka mingi, nina mafundi wa kunishikia. Sufi ikaruka, ikawaingia watu puani, wakapiga chafya, mmoja akataka kuniitia karani. Watoto wakafukuzana nayo. Bibi wa Kikachi akasema, "Polepole, bwana, utatuzika," lakini akaja akanishikia pindo, na alishika vizuri, sina la kusema.

Mama alikuwa amekaa na kitita chake mapajani, hajakifungua. Kila nikimaliza upande ninamwambia, "Gusa." Anagusa, anatikisa kichwa, anarudisha mkono juu ya kitita. Juu kengele ya chakula ikalia, ya kwanza, ya pili. Mabaharia wakaanza kupita wakiwataka wanaoshuka washuke.

Mama akauliza, "Wanasema nini?"

"Wanasema anayeshuka ashuke."

"Na wewe umebakisha nini?"

"Upande mmoja na vifungo."

Akaja baharia, akasimama mbele yetu, akamtazama mama na kitita chake, akauliza, "Huyu bibi anashuka?" Nikainamisha kichwa, nikavuta uzi. Kumjibia sikuweza. Ningesema hapana na yeye akasema ndiyo, ningefanya nini mbele za watu?

Mama akakipapasa kitita, akapapasa godoro mpaka kwenye pembe ambayo nilikuwa sijaishona, akatia mkono ndani, akatoa sufi konzi nzima.

"Hapa umejaza sana," akasema. "Mtu mzima ataviringika." Halafu kwa baharia: "Pita zako, baba, unatuziba upepo."

Honi ya meli ikalia, chuma chote kikatetemeka chini yetu. Mama akampa yule bibi kitita chake amwekee mbali na moto, kisha akaonja achari ya mwenye mkeka, akaniuliza kama ni ya ndimu au ya embe, maana mama yake alipokuwa akiitengeneza alikuwa hatii pilipili nyingi hivi. Nikamwambia sijui, mama, mimi nashona.